Hatua Tisa za Upande wa Kulia

4 Machi

Dada yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na mapacha mko wazima. Sisi huku tupo, ndiyo hivyo. Mama anakusalimia. Nasema Mama maana mke wa Mjomba ndiye mama tuliyebaki naye, na tangu Mjomba azikwe ananiita mwanangu hata mbele ya wageni. Bado anaweka vikombe vitatu mezani. Cha tatu anakirudisha kabatini bila kusema kitu, na mimi nakunywa changu haraka ili asione kwamba nimeona.

Siku ile unaondoka baada ya mazishi nilitaka kukuambia jambo pale kituoni, nikashindwa. Unanijua. Kwenye simu ndiyo kabisa, nabaki kupumua tu mpaka unadhani laini imekatika. Kwa hiyo naandika. Mwandiko uuvumilie, darasa la tano ni lile lile, halijaongezeka.

Nina swali la hesabu. Usicheke.

Siku ya ajali tulikuwa kazini, tunaangusha mti mrefu mwembamba kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Matawi tulishayatoa yote, limebaki gogo limesimama. Mwenye nyumba akasema lango lake lina nguzo mbili za zege na zisiguswe. Mti ulitakiwa ulale katikati ya nguzo. Kutoka mstari wa katikati mpaka kila nguzo ni hatua moja, basi.

Juu ya mti kuna kamba mbili. Ya kushoto ya Baunsa, mwenzangu kazini, ya kulia yangu. Kila kamba inaingia kwenye winchi ya mkono, na winchi imefungwa kwenye kigingi cha chuma ardhini. Ukisukuma mpini, winchi inalia ka. Hilo ni jino moja. Mjomba alileta winchi makusudi, maana Baunsa ana mwili wa watu wawili na mimi hata wa mmoja sijaumaliza. Kwa winchi, jino ni jino. Akasema saba kwa saba. Mimi nilivuta saba. Na Baunsa nilimhesabu kwa sikio huku nahesabu yangu. Saba.

Mjomba akakata. Mti ukaja upande wangu, ukagonga nguzo ya kulia, shina likaruka nyuma. Mjomba alikuwa pale pale.

Bosi anasema Baunsa alilegeza. Kamfukuza mbele yetu sote. Mama naye kasema Baunsa asikanyage hapa nyumbani. Bosi aliuliza, "Kuna mwenye neno?" Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Swali langu ni hili. Kama tulivuta saba kwa saba, mbona mti ulikuja kwangu?

Ni mimi mdogo wako, wa kunyamaza.


19 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika, ina duara la kikombe cha chai pembeni. Nimejua ni cha pale mezani. Sisi hatujambo. Mapacha wameng'oka meno ya mbele siku moja, kama waliopanga. Shemeji yako anakohoa lakini hataki daktari, anasema kikohozi kitachoka chenyewe. Wanafunzi wangu wananiombea niugue kila Jumatatu tuna kipindi, kwa hiyo swali la hesabu lililotoka kwa mtu aliyelitaka mwenyewe nimelisoma mara mbili.

Kuna kitu tunakiita vekta. Jina linatisha bure. Ni mshale tu. Mshale una mambo mawili: urefu wake, na kule unakoelekea. Ukiniambia "nimevuta saba" umenipa urefu. Hujaniambia umevuta kuelekea wapi. Hiyo ni nusu ya mshale.

Kule unakoelekea tunakuandika kwa namba mbili. Simama kwenye shina, tazama langoni. Hesabu hatua za mbele, kisha za pembeni. Kulia andika namba kama ilivyo. Kushoto iwekee alama ya kutoa. Basi, kigingi kinakuwa namba mbili tu.

Ukitaka kujua mishale miwili kwa pamoja inakupeleka wapi, chora wa kwanza. Pale kichwa chake kinapoishia, anzia mkia wa pili, bila kuugeuza. Halafu chora mstari toka mwanzo kabisa mpaka mwisho kabisa. Huo ndio jumla. Mti unafuata huo, haumfuati Baunsa wala wewe. Ila angalia, mmevuta sawa, kwa hiyo mishale yenu iwe na urefu sawa hata kama kigingi kimoja kiko mbali kuliko kingine. Kigingi kinatupa mwelekeo tu.

Jizoeze kwanza. Ukienda dukani ukarudi, mshale wa kwenda na wa kurudi ukiunganisha unapata sifuri, hata kama jasho limekutoka. Wanafunzi wanalikataa hilo kila mwaka.

Niandikie vigingi vilikuwa wapi.

Na hilo la kwamba ulisikia saba, kwa sasa kaa nalo. Usimwambie mtu. Mama ana wewe tu hapo nyumbani.

Dada yako anayekuwaza.


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mpe pole shemeji. Huku mvua imeanza, bati la jikoni linavuja pale pale ambapo Mjomba alikuwa anasema atapaziba.

Nimejizoeza. Nachora kwa chaki kwenye sakafu ya uani, Mama akipita anaruka mistari yangu. Jana akaniuliza, "Mishale yote hiyo ya kumpiga nani?" Nikasema ni hesabu za Dada. Akasema, "Basi kumbe hatari kweli." Ndiyo mara ya kwanza amecheka. Halafu akaingia ndani akakaa sana.

Vigingi. Mjomba alikuwa anapima mwenyewe, kwa miguu, miaka yote. Mbele kumi na nane, pembeni tisa. Kwa Baunsa tisa za kushoto, kwangu tisa za kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa namba yake kwa mti wa urefu ule.

Sasa kuna kitu niliahidi sitasema. Goti la Mjomba lilikuwa limekwisha. Alikuwa anatembea vizuri bosi akiwepo, bosi akigeuka anashika mti. Ingejulikana, angetolewa kwenye msumeno. Akaniambia, "Wewe unaona kila kitu, afadhali husemi." Hatua zake zilifupika. Niliziangalia muda mrefu. Hatua zake tatu ni sawa na zangu mbili. Na lile goti ndilo lililomchelewesha kukimbia, hilo najua, usiniambie.

Ninachouliza, hatua kuwa fupi kunaweza kuupeleka mti pembeni?

Baunsa nilimwona sokoni. Alinisalimia kwa kichwa. Mimi nikajifanya nachagua nyanya.

Mdogo wako.


15 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesikitika kuhusu goti. Kwangu pia alitembea vizuri, alipokuja kuwaona mapacha. Kumbe alikuwa anajikaza ili mimi nisione.

Shemeji yako kakubali daktari. Kikohozi hakikuchoka.

Jibu ni hapana. Hatua fupi haziupeleki mti pembeni. Mbele kumi na nane na pembeni tisa ni mbili kwa moja. Ukizifupisha zote kwa kipimo kile kile zinakuwa kumi na mbili na sita. Bado ni mbili kwa moja. Mshale ukifupishwa unaelekea kule kule. Vigingi vilisogea karibu tu. Sharti lake ni kwamba mguu uwe mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Nawaambia wanafunzi kila siku, usichanganye miguu ya watu wawili kwenye mshale mmoja, maana hapo namba zinabaki nzuri na mshale umeshapinda.

Kwa namba ulizonipa, wewe kumi na nane na tisa, yeye kumi na nane na kutoa tisa, mkivuta sawa, pembeni inakufa yote na kinachobaki ni mbele peke yake. Mti ungepita katikati ya lango. Haukupita. Kwa hiyo mmoja wenu hakuvuta saba, na kwa jinsi ulivyoangukia kulia, ni yule wa kushoto.

Samahani. Najua ulitaka jibu lingine. Labda uliyemhesabu ni mwangwi wa winchi yako mwenyewe.

Kula vizuri.

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa shemeji kupata dawa. Mama kaziba bati mwenyewe, kapanda juu ya meza nikiwa kazini. Nimegombana naye, yaani nimesimama pale nikamtazama, yeye akasema, "Acha kunigombeza."

Nimesoma barua yako mpaka imechanika penye mkunjo. Unasema ni Baunsa. Nimejaribu kuamini. Lakini mwangwi hauwezi kulia kabla ya sauti, na jino lake la saba lilitangulia langu. Nilikuwa wa mwisho, kama kawaida.

Nakumbuka kila kitu cha siku ile, sijui kwa nini kichwa changu kinafanya hivyo. Mjomba alianza na upande wa Baunsa, akapiga zote, za mbele na za pembeni. Jasho linamtoka na jua lenyewe halijapanda. Akaja upande wangu, akapiga kumi na nane za mbele, alipogeuka kulia goti likakataa. Bosi alikuwa anaongea na mwenye nyumba. Mimi nikasema, "Mjomba, kaa. Hizi tisa nitamalizia mimi." Akanitazama. Akasema, "Leo umeongea maneno mengi, mvua itanyesha." Akakaa kwenye sanduku la msumeno, mimi nikapiga zile tisa, nikagonga kigingi. Akaniambia umepima vizuri. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia hivyo siku nyingine. Hilo ndilo la mwisho tuliloongea, ukiacha "saba kwa saba".

Nimekuandikia hilo ili ujue alikuwa ametulia.

Baunsa hajapata kazi ya miti popote. Bosi kawapigia simu mabosi wenzake wote.

Mdogo wako.


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi wa nne uliipata? Naenda posta kila Ijumaa. Yule mama wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Kama shemeji kazidiwa niambie, usinifiche.

Mama mzima.

Mdogo wako.


8 Julai

Mdogo wangu,

Nisamehe. Shemeji yako anaendelea vizuri, hilo lisikusumbue. Ni mitihani, na mapacha, na mambo ya nyumba. Barua yako niliipata mapema.

Nimefurahi Mjomba alikusifu. Alikuwa hasifu mtu ovyo. Mimi alinisifu mara moja, siku alipoamua kati yetu mmoja aendelee na shule akasema niwe mimi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni unashika bawaba. Hujawahi kusema lolote kuhusu siku ile na mimi sijawahi kukuuliza.

Nimeifanya hesabu upya kwa rula, kwa uangalifu, nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Nimegeuza zote ziwe hatua zako. Baunsa: mbele kumi na mbili, pembeni kutoa sita. Wewe: mbele kumi na mbili, pembeni sita. Ukijumlisha, katikati kabisa. Kwa hiyo zile hatua ulizopiga wewe hazikubadilisha chochote. Umesikia? Hazikubadilisha chochote.

Sasa achana na mambo haya. Mjomba hatarudi kwa mishale. Baunsa ni mtu mzima, atapata kazi nyingine. Wewe mwangalie Mama, na chaki hiyo mpe mtoto wa jirani.

Dada yako anayekupenda, na usinijibu kuhusu hili.


27 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimia. Kaanza kuweka vikombe viwili.

Umesema nisijibu. Nimekaa wiki mbili sijajibu.

Dada, kwangu umeandika sita. Mimi nilikuambia tisa. Za Mjomba tisa ndizo zinakuwa sita, lakini zile hazikuwa za Mjomba, zilikuwa za miguu yangu, na tisa yangu ni tisa. Wewe ndiye uliyenifundisha usichanganye miguu. Tangu utoto sijawahi kukuona umekosea namba. Hata ulipokuwa na malaria ulikuwa unasahihisha tarehe kwenye kalenda.

Nilienda kule kwenye ile nyumba. Mwenye nyumba hakuwepo, mlinzi ananijua, akaniacha. Kisiki bado kipo, na matundu ya vigingi yapo, yameota nyasi ila ukiingiza kidole unayapata. Nikapima kwa miguu yangu. La Baunsa, mbele kumi na mbili, kushoto sita. Langu, mbele kumi na mbili, kulia tisa.

Nilichukua kamba nikafanya kama ulivyosema. Toka kwenye kisiki kuelekea kigingi cha Baunsa, hatua kumi, nikaweka jiwe. Kutoka kwenye jiwe nikaenda kuelekea kule kule kunakoelekea mshale wangu, hatua kumi nyingine, nikaweka jiwe la pili. Halafu nikavuta kamba toka kwenye kisiki mpaka jiwe la pili. Dada, ile kamba haikupita katikati ya lango. Ilipita imegusa nguzo ya kulia. Pale pale penye alama ya gome. Mlinzi akaniuliza, "Umepoteza nini?" Nikasema bado natafuta.

Baunsa alivuta saba. Ningemwacha Mjomba amalizie kwa goti lake, mti ungelala katikati. Nilimwonea huruma hatua tisa.

Sasa najua kwa nini ulikaa miezi miwili.

Jana nilienda kwa Baunsa. Anaosha magari nyuma ya kituo cha mafuta. Nilisimama mpaka akamaliza matairi.

"Kimya," akasema, kwa jina langu la kazini. "Umekuja kuosha au kuoshwa?"

Nikampa karatasi. Akafuta mikono kwenye suruali, akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii mishale ya nini?"

"Huu wewe. Huu mimi."

"Mbona mimi nimekuwa mwembamba hivi?"

Nikamweleza. Sijawahi kuongea mfululizo hivyo maishani. Goti, hatua tatu kwa mbili, tisa zangu, matundu, kamba. Nikamwambia, "Ulivuta saba. Nilisikia."

"Ulisikia lini?"

"Siku ile ile."

"Na bosi alipouliza mbele ya watu, hayo masikio ulikuwa umemwazima nani?"

Akakaa juu ya ndoo. Ile ndoo ililia.

"Sikiliza," akasema. "Mwezi ule wa mwanzo nilikataa. Nilimkatalia bosi, nikamkatalia mke wangu. Watu wakawa wananitazama tu. Sasa nikifumba macho naiona kamba inalegea mkononi. Naiona kabisa, mpaka rangi yake. Nimelegeza, Kimya. Nimeshakumbuka. Nimeenda na kaburini nikamwomba msamaha."

"Hujalegeza."

"Nimekuambia nimekumbuka." Akanirudishia karatasi, imeloa pembeni. "Nilihangaika mpaka nikatulia. Usije hapa na chaki zako ukanianzisha tena. Na ukimpelekea bosi hii, atakuuliza nani kaichora. Halafu? Mama yako atabaki na nani?"

Likaja gari lingine, akasimama. Aliponipita alinigonga bega kidogo, si kwa ubaya.

Nilienda nikarudi, Dada. Ulisema hiyo inakuwa sifuri.

Kuna jambo jingine. Bosi kaniita ofisini. Anataka mimi ndiye niwe napima vigingi. Anasema, "Mjomba wako alikuwa anakusifia jicho." Nilitaka kumwambia pale pale. Nikaangalia viatu vyangu. Akasema, "Basi tumekubaliana."

Sikuulizi hesabu tena. Niambie tu, ulijua?

Mdogo wako.


16 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mapacha wameota meno mapya, makubwa kuliko vinywa. Shemeji yako kapona, sasa anajifanya ndiye aliyetaka kwenda kwa daktari.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni futi kamba, ya mita kumi, ya chuma. Nimeijaribu kwenye uwanja wa shule, ni nzima. Ipake mafuta mvua ikinyesha.

Usipime tena kwa mguu wa mtu yeyote. Wala wako.

Dada yako.


3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Yule mama wa posta alifurahi kuliko mimi.

Nilikuwa naipaka mafuta pale mezani, Mama akaja akakaa. Akaishika, akaivuta kidogo, ikarudi yenyewe, akashtuka, akacheka. Akaivuta tena.

Akasema, "Dada yako huyu, anakutumia machuma." Halafu akasema, "Ila mjomba wako alipima kwa miguu yake miaka yote, hakuna mti uliowahi kumkosea. Mpaka siku ile yule mjinga alipolegeza."

Akanitazama, kama mtu anayesubiri.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, Dada. Naitembeza kila siku. Mdomo nilishaufungua. Akanisogezea kikombe, cha kwangu, akasema, "Au siyo, mwanangu?"

Nikasema ndiyo.